Mkaguzi wa Buti

Wifi yangu hupasua maiti. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye huanza nalo. Mgeni akimuuliza anafanya kazi gani, hasemi kwamba ni daktari, watu wakafurahi na kumwonyesha vidonda vyao. Husema, "Napasua maiti," kisha ananyoosha mkono kusalimia. Wengi hukumbuka ghafla kwamba mikono yao ina unga.

Nimeishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa na mdogo wake, na sijawahi kumpenda. Nasema mapema, asije mtu akatafuta mapenzi humu akayakosa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayekula amesimama. Hunyamaza pale mtu anapotaka jibu, na hujibu pale ambapo mtu mwenye adabu angenyamaza. Akirudi kazini hunawa kwenye bomba la nje mpaka viwikoni, na bado mimi nilimtengea kikombe chake peke yake. Alijua. Akakitumia hichohicho. Siku kilipovunjika aliniletea dazeni nzima ya vikombe vinavyofanana, nisiweze tena kujua kipi ni chake. Huyo ndiye wifi yangu.

Nyumba ni ya baba mkwe, sajini mstaafu, mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kukunja blanketi kama vile kuna mkubwa atapita kulitazama. Mkewe alifariki mapema, mzee akawalea watoto wake wawili kwa amri. Kila Jumapili jioni alipanga viatu vyote vya nyumba ukutani. Mtoto wa kiume alipaka rangi na kusugua, binti alikagua. Na kukagua kwa mzee hakukuwa kutazama juu tu. Buti liligeuzwa likatazamwa chini, kwenye ule upinde usiogusa ardhi, kati ya kisigino na unyayo. Hapo napo papakwe rangi, pang'ae. "Juu ya buti ni pa watu," husema mzee mpaka leo, "chini ni pako mwenyewe." Wenzake kambini walimcheka, maana hakuna askari mwingine aliyejisumbua na mahali pasipoonekana. Lakini nyumbani halikuwa jambo la kuchekwa. Binti akikuta vumbi, mvulana alizungushwa nyumba mbio na buti kichwani, na mume wangu anasema dada yake hakuwahi kumhurumia hata mara moja. Aligeuza kila buti.

Mvulana huyo ndiye mume wangu. Watu humwita Kimya, na sidhani nina haja ya kueleza. Aliingia jeshini kumfurahisha baba yake, akawa dereva wa lori. Nilipokuwa mchumba, mashoga zangu walinitania kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi nikausubiri huo mshindo. Nimezaa, nimeshona nguo za nusu ya mtaa kwa cherehani yangu pale barazani, na mshindo haukuja. Mtu huyu ukimpikia chumvi tupu atakula ashukuru.

Kanali wao ndiye mtu pekee ambaye Kimya alimtaja kwa sentensi nzima. Alisema Kanali anamjua kila dereva na watoto wake, na kwamba siku hizi amelifunga ghala la mafuta na anauliza mafuta ya malori yanakwenda wapi. Nikamwambia mume wangu asijitie kwenye maswali ya wakubwa. Kama vile aliwahi kujitia kwenye maswali ya mtu yeyote.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Kanali amefariki ghafla akiwa kwenye meza yake ofisini, kwa ugonjwa wa moyo. Kimya alirudi kutoka zamu mchana wa siku hiyo, akaenda moja kwa moja bombani na kunawa muda mrefu, kama dada yake. Nikaona kucha zake nyeusi. Nikamtania, nikamuuliza kama jeshi limemhamishia kwa mafundi viatu. Alinitazama mpaka nikajuta, kisha akaingia ndani akalala na nguo zake.

Yaliyotokea chumba cha maiti sikuyaona, na nashukuru. Niliyasikia baadaye mahakamani kwa mdomo wa wifi mwenyewe, nami nayaeleza kama alivyoyaeleza.

Kifo cha ghafla ni lazima daktari akitazame, hata kiwe cha mkubwa. Maiti aliletwa na Meja, msaidizi wa Kanali, mtu wa uso laini na sauti ya kuposea mchumba. Kanali alikuwa amevalishwa gwanda la sherehe, nishani kifuani, kola imefungwa mpaka chini ya kidevu, mabuti yanametameta. Meja alisema familia imeumia, gari liko nje, kinachotakiwa ni saini tu. Wifi akavaa glavu na kumwomba atoke. Meja akajibu kwamba atabaki kwa heshima ya marehemu. Wifi akamwambia abaki basi, lakini akizimia aangukie upande mwingine.

Yeye huanza na miguu. "Anayetaka kudanganya kwa maiti hupanga uso," alimwambia hakimu. "Akifika miguuni huwa amechoka." Akalivua buti la kwanza, akaligeuza. Unyayo haukuwa na chembe ya vumbi, na huyo ni mtu aliyesemekana kutembea asubuhi ile kutoka nyumbani kwake mpaka ofisini, akikatiza uwanja wa gwaride ambao ni vumbi tupu. Akatazama kwenye upinde. Pamepakwa rangi, pamesuguliwa, panang'aa. Akavua la pili, hali ileile. Akayaweka mezani akaendelea na kazi.

Mgongoni ndiko alikoona yaliyobaki. Mtu akifa, alisema, damu hutulia upande wa chini na kuacha rangi ya zambarau kwenye ngozi. Aliyefia kitini huwa nayo miguuni. Kanali alikuwa nayo mgongo mzima, na katikati ya zambarau ile mlikuwa na mistari myeupe iliyonyooka, imeachana sawasawa, pale ngozi ilipogandamizwa na kitu kigumu chenye matuta. Ilikuwa sakafu ya chuma ya lori. Alipofungua kola akakuta alama za vidole, na ndani ya koo kimfupa kimevunjika. Moyo aliushika mkononi akaupindua. Haukuwa na kasoro.

Nyumbani hatukujua hayo. Tulichojua ni kwamba mchana huo Meja alikuja kwetu. Baba mkwe alimpigia saluti kwenye sebule yake mwenyewe, mzee wa watu na ndala zake, akamkalisha kwenye kiti kizuri. Meja akazungumza naye juu ya nidhamu ya zamani na jinsi vijana walivyoharibika. Kisha akanigeukia mimi.

"Mumeo ni dereva hodari sana," akasema. "Usiku ule alibeba mzigo mzito wala hakuuliza maswali. Watu wa namna hiyo tunawatunza. Ingekuwa vibaya dada yake aandike jambo, halafu lori likaonekana ni la nani."

Nilikuwa na sindano mdomoni, nikakaribia kuimeza. Zile kucha nyeusi zikanirudia, nami si mjinga. Meja alipoondoka baba mkwe alisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama, akafunga mlango wa chumba chake.

Wifi aliporudi nilimkuta bombani, hajamaliza hata kunawa. Nilimwambia yote, na sikumwambia kwa upole.

"Andika moyo," nikasema. "Mtu ameshakufa. Andika moyo tuishi."

"Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wako."

"Lori analiendesha mdogo wako."

"Najua anayeliendesha."

"Na bado utaandika?"

Akafunga bomba. "Wifi, nikiandika moyo leo, kesho wakimuua mwingine watamleta kwangu tena. Na ajaye anaweza kuwa yeye, kwa sababu ndiye aliyeona."

Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Kimya alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu. Dada yake akamtazama, naye akamtazama dada yake, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikawaambia kwamba ukoo wao umelaaniwa kwa mabubu. Baba mkwe akapaza sauti kutoka chumbani kwake kwamba jeshi ndilo lililomlisha binti yule na kumsomesha, na kwamba akilitia aibu jeshi basi yeye hana binti.

Aliandika. Hakumpa Meja, alimpelekea hakimu mkononi kabla Meja hajaamka vizuri. Polisi walimkamata Meja, na siku hiyohiyo wakamkamata mume wangu.

Hapo ndipo vita vilipoanza ndani ya nyumba. Nilihamisha jiko langu barazani nisipike naye. Watoto niliwakataza kumwamkia, nao walimwamkia kwa siri. Baba mkwe aliacha kabisa kusema naye. Akitaka chumvi iliyo mbele yake, alimwagiza mtoto akaiombe kwa "yule mama". Mtaani wateja wangu walipungua. Waliokuja walikuja kupeleleza. Kazini walimwachia peke yake kubeba na kugeuza maiti, mwanamke wa umri ule. Alirudi ameinamia upande mmoja, akanawa, akala amesimama. Sikumwonea huruma. Mume wangu alikuwa akila chakula cha mahabusu kwa sababu ya kalamu ya dada yake.

Kisha kesi ikaanza, na ikawa mbaya kuliko nilivyoogopa. Wakili wa Meja hakubishana na daktari hata kidogo. Alimshukuru. Alisema ni kweli kabisa Kanali alinyongwa, ni kweli alilazwa kwenye lori, na lori lilikuwa la dereva. Dereva ndiye aliyekuwa akiiba mafuta, Kanali akamgundua, dereva akamuua, akamwosha, akamvalisha na kumketisha ofisini. Meja, masikini, alidanganywa kama wengine. Kimya alipoulizwa alikaa kimya. Nilikuja kujua kwamba watu wa Meja walikuwa wamempitia mahabusu wakamuuliza, kwa upole tu, watoto wake wanasoma shule gani.

Wakili akayainua yale mabuti mbele ya wifi.

"Ulipoona rangi huku chini, daktari, ulimfikiria nani?"

"Mdogo wangu."

Ukumbi ukanong'ona. Nikashika benchi kwa mikono miwili.

"Kwa nini yeye?"

"Sijamwona mwingine anayepaka hapo."

"Kwa hiyo mdogo wako alimvalisha maiti ili kudanganya."

"Alimvalisha. La kudanganya sikulikuta mwilini."

Basi. Alisema hilo tu. Neno moja la dada kwa mdogo wake halikumtoka: kwamba ni mtu mpole, kwamba alimpenda Kanali, kwamba hawezi kuchinja hata kuku. Maiti hakumwambia hayo, kwa hiyo naye hakuyasema. Nilitoka mle ndani kabla ya wengine. Nilimngoja nje nikamwambia mbele za watu kwamba amemfunga mdogo wake kamba shingoni kwa mkono wake.  Alikuwa na rangi ya watu wake wa kule kazini.

Niliruhusiwa kumwona Kimya keshoye. Alikaa upande wa pili wa wavu, amekonda, amenyolewa. Nilianza kumlaumu dada yake na nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka muda uishe. Akainua kidole, nikashangaa nikanyamaza.

"Mwambie dada nilijua atageuza," akasema.

"Atageuza nini?"

"Mabuti."

 Naye akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja, tena kwa sauti ya chini. Aliagizwa apeleke lori kiwanja cha kulengea shabaha. Akapakiziwa mzigo chini ya turubai, akaambiwa akae nao mpaka asubuhi. Watu wa Meja walipofunua, alikuwa Kanali. Wakamwambia amvalishe, maana wao hawakutaka kumgusa. Walimsimamia, Meja akiwa amekaa pale pale anavuta sigara.

"Sikuwa na mdomo pale," akasema. "Nilikuwa na brashi. Nikajua maiti ataletwa kwake. Nikapaka chini, wakaniona, wakacheka. Nikajua dada atageuza tu."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Akafikiri. "Wewe ungesema."

Ni kweli, ningesema. Akaongeza kwamba sasa, kwa vile wanataka kumtwisha mauaji, atasema mwenyewe mbele ya hakimu. Lakini wakili atamcheka na kusema hiyo habari ya buti ameitunga gerezani. Aliyeianza ni baba, na baba peke yake ndiye anayeweza kusema kwamba nyumbani kwetu mmoja alipaka na mwingine akakagua. "Na baba hatakuja," akasema, akainuka kabla askari hajamwita.

Njiani nilikuwa na maneno yale kifuani kama kaa la moto. Wale wawili walizungumza kwa kupitia maiti, mbele ya Meja, mbele ya bunduki, bila kufungua mdomo, na mimi niliyelala kitanda kimoja na mmoja wao sikuambiwa kitu. Nilifikiria kumnyima wifi salamu yake. Akae na uzito wake, alale nao, aamke nao. Kama nilibeba wangu peke yangu, naye abebe wake. Nilifika mpaka mlangoni nimeshaamua hivyo.

Nikamkuta jikoni kwangu, pale barazani, anachochea moto uliotaka kuzima. Hasira zikanipanda kuona mkono wake kwenye jiko langu. Nikamtupia salamu ile kama mtu anavyotupa jiwe.

"Usijione shujaa," nikasema. "Shujaa ni yeye. Alipaka makusudi. Anasema alijua utageuza. Wewe ulisoma tu barua, aliyeiandika yuko ndani."

Kijiti cha kuchochea kikamponyoka. Mwanamke yule ambaye hula amesimama alikaa chini kwenye sakafu yenye majivu, na gauni lake la kazini.

"Nilidhani ni mazoea," akasema. "Nilidhani mkono wake umepaka tu, bila yeye kujua. Nilimkimbiza na mabuti kichwani, wifi. Mimi ndiye niliyemzoesha. Nilidhani nimemfunga kwa kitu nilichomfundisha mwenyewe."

Kisha akalia, na hajui kulia. Alilia vibaya, kwa mikupuo, kama mtu anayekohoa. Watoto walikuja wakasimama mlangoni. Sikumkumbatia, tusidanganyane. Nilimimina chai kwenye kikombe cha kwanza nilichokipata nikamwekea karibu na goti. Nikamweleza yote kuhusu kiwanja cha shabaha, turubai na sigara ya Meja. Nikamwambia pia kwamba kesho itabidi nisimame mbele ya hakimu, kwa kuwa maneno yale niliyasikia mimi. Lakini bila mzee yatabaki maneno ya mke. Nilisema hilo kwa sauti kubwa makusudi, maana dirisha la chumba cha baba mkwe liko juu ya jiko langu na lilikuwa wazi.

Wifi akainuka, akaenda mlangoni kwa mzee, akabisha. "Baba," akasema, "mtoto wako alikutii. Hata pale alikutii."

 Tukasikia dirisha linafungwa. Nikamwambia wifi aache kujiaibisha, askari hamshuhudii askari mwenzake vibaya, hilo mzee amelisema mwenyewe mara ngapi. Tukala, yeye amesimama na mimi nimekaa.

Asubuhi niliamka mapema kutafuta gauni la heshima. Nilipofungua mlango wa mbele nikakuta viatu vimepangwa ukutani, visigino vimegusa ukuta, kama Jumapili za zamani nilizosimuliwa tu. Vyangu vya kwendea sherehe vilikuwa hapo, vimepakwa. Pembeni viatu vya wifi vilivyopinda upande mmoja. Na mwisho wa mstari, mabuti ya jeshi ya baba mkwe, ambayo hayakuwa yametoka sandukuni tangu nilipoingia nyumba ile. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha baraza, amevaa gwanda lake lililombana tumboni, brashi bado mkononi, anatazama barabara.

Wifi akatoka nyuma yangu. Akaona.  Akapiga goti, akaokota buti la baba yake, akaligeuza, akalitazama chini kwa muda. Mzee alikaza shingo akingoja.

"Sawa," akasema wifi, akalirudisha mahali pake.

Nami nikawahimiza wavae upesi, maana hakimu hawasubiri watu wa ukoo huu.